Mwanamke wa Upande wa Kibla

Mabawa, Tanga
20 Machi 1955

Kwa mke wangu Saleha,

Salamu nyingi, na baada ya salamu usiniulize kwa nini nimekawia kuandika, maana jibu lake ndiyo barua yenyewe. Mimi mzima. Cherehani nayo nzima, ila mkanda wake unaruka na kunitia hasira.

Sasa sikiliza, na usicheke kwanza. Nimeingia kwenye mchezo wa kuigiza. Kuna chama cha vijana pale Usagara, hukutana jioni, na mwalimu mmoja Mbondei wa Muheza, jina lake Rafaeli, ametunga mchezo. Alikuja kwangu kushonesha mavazi ya wachezaji. Nilipoona vazi la mganga nikamwambia, mwalimu, mganga havai hivi wala hakai hivi. Akaniuliza, anakaaje? Nikamwaga unga wa chaki yangu ya kukatia nguo juu ya ubao, nikakunja miguu, nikachora ramli, nikakohoa kikohozi chao kile. Mwalimu akasema, "Fundi, umepata kazi ya pili."

Mchezo wenyewe ni huu. Yupo mtu anautamani ujumbe wa kaka yake, awe jumbe wa kijiji yeye. Kumtoa kaka hawezi, basi anamwendea mganga amtoe mke wa kaka: mwanamke atajwe kuwa ni mchawi, na jumbe aliyefuga mchawi ndani ataondoshwa tu. Mganga anajua kuwa ni uongo. Lakini anaahidiwa kukaa ubavuni mwa jumbe mpya na kuinukiwa na watu akipita. Anashindwa na tamaa, anakubali. Mke wa watu anafukuzwa kijijini, na mganga ananyamaza kimya mpaka mwisho. Ndiye mimi huyo.

Maneno yangu makubwa ni haya, nayasema hata ninapopiga pasi: "Ni mwanamke mtu mzima. Anakaa upande wa kibla wa nyumba yako. Amekulisha kitu cheupe, na alipokupa alitabasamu." Mwalimu anasema ameyatunga makusudi yamkute kila mtu. Nani hana jirani upande wa kibla? Nani hajala wali, au uji, au maziwa? Anataka watu wacheke, waone wanavyodanganywa.

Niamkie sana Shangazi Kijakazi. Mwambie yule mtoto aliyekuwa akimchapa kwa kuiga sauti ya mwalimu wa chuoni, siku hizi anaombwa aige. Kitambaa nilichokutumia ni chako, usimgawie mtu.

Mumeo,
Uweso bin Mselem


Mwera, Pangani
4 Aprili 1955

Mume wangu Uweso,

Barua imefika na kitambaa kimefika. Nilicheka, kwa kuwa ulinikataza. Nilimsomea Shangazi, naye akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Mwambie asicheze na ramli hata kwa chaki. Ila akishaamua kucheza, avae joho. Mganga asiye na joho ni mpagazi tu." Basi umepata mashauri mawili, chagua.

Lipo neno sikutaka kuliandika mpaka niwe na hakika. Huu ni mwezi wa pili sijaona siku zangu. Shangazi alinijua kabla sijajijua. Alinitazama ninavyopepeta mchele, akaniambia weka ungo chini, mwanangu, hiyo kazi nitaifanya mimi. Anasema atampokea mtoto yeye mwenyewe na nisimwite mkunga mwingine hata kwa kutaka heshima. Nami nimwite nani? Watu wengi wanaotembea Mwera hii wamepita mikononi mwake, na Bwana Hashil mmojawapo, pamoja na uarabu wake na minazi yake.

Kwa Bwana Hashil mambo si mema. Mkewe mimba imemharibikia tena, sasa hii ni ya tatu. Shangazi yuko kule asubuhi na jioni, anamkanda, anampikia uji, anambembeleza kama binti yake. Unajua alivyo na nyumba ile. Bibi yenu alizaliwa humo zama za utumwa, Shangazi naye akakulia uani kwao, na mpaka leo tunakaa kwenye minazi yao. Nikimwambia apumzike husema, "Yule mtoto yuko mbali na mama yake, mimi nikimwacha nani atamshika?"

Njoo Idi ukiweza. Nimeanza kutamani watu wasiokuwepo.

Mkeo,
Saleha


Mabawa, Tanga
2 Juni 1955

Mke wangu,

Tangu barua yako ya mtoto natembea barabarani nacheka peke yangu, watu wanadhani ni mchezo bado. Nimeshashona kofia mbili, moja ya kiume, moja sijui ya nani. Mwambie Shangazi sina la kumlipa.

Idi sikuja kwa sababu ndiyo siku tuliyocheza. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Nilivaa joho, mwambie. Ila nikwambie kilichonishangaza. Niliposema yale maneno, mwalimu alitega sikio asikie kicheko, na kicheko hakikuja. Niliposema upande wa kibla, vichwa viligeuka. Uwanja mzima, Saleha, wakatazama kaskazini, kila mtu na mtu wake.

Kesho yake alikuja mama mmoja kwenye cherehani yangu, akakaa, hakuleta nguo. Akaniuliza habari ya mwanawe. Nikamwambia mama, mimi ni fundi wa nguo, ule ni mchezo. Akaniambia, "Najua, baba. Wakubwa wote hujificha." Nilicheka alipoondoka. Kisha akaja mwingine. Siku hizi nikipita mtaani watu wananiachia kiti barazani. Juzi mzee rika la marehemu baba kaniamkia shikamoo, mimi, Uweso, nami nikamwitikia marahaba kabla sijafikiri. Chama nacho kimenifanya mwenyekiti. Mwalimu Rafaeli hapendi. Ananiambia joho nilivue nikishuka jukwaani. Naona ni wivu.

Hao wanaokuja sikuandikii habari zao zote. Simdhuru mtu. Nawapa maneno yale yale ya mchezo, wanashusha pumzi, wanakwenda zao. Wala siwajui. Ada ya ramli unaijua: huletewa jina la mgonjwa na jina la mama yake, basi, na ugonjwa ni juu ya mganga kuutaja. Mara nyingine mgonjwa mwenyewe hayuko hata Tanga, ametumwa mtu.

Kula vizuri. Usichukue ndoo nzito.

Mumeo,
Uweso


Mwera, Pangani
27 Juni 1955

Uweso,

Sisi wazima wa mwili. Nakwenda moja kwa moja kwenye neno.

Wiki iliyopita Bwana Hashil alimwita Shangazi. Alimweka barazani, hakumkaribisha ndani. Hakumtukana, alisema naye kwa adabu ile ile, kwamba asiingie tena nyumbani kwake wala asimpelekee mkewe chakula. Shangazi akamuuliza, "Nimekosa nini, baba?" Akamjibu, "Nyumba ina maneno, Bi Kijakazi. Tusubiri."

Maneno yenyewe tumeyasikia kwa watumishi. Miraji wa Pangani mjini, anayempelekea Bwana Hashil mbata za nazi zake Tanga, aliagizwa kuuliza kwa mganga wa Mabawa. Alipeleka jina tu, Shamsiya wa Muzna. Shamsiya ndilo jina la mke wa Bwana Hashil. Wewe hulijui, na hakuna mwanamume wa Mwera anayelijua, ni sisi wanawake tunaoingia ndani. Mganga akasema ni tumbo. Akasema ni mwanamke mtu mzima, anakaa upande wa kibla, amemlisha kitu cheupe, na alipompa alitabasamu.

Upande wa kibla wa nyumba ya Bwana Hashil ni sisi, Uweso. Baada yetu ni mashamba tu.

Jumamosi tulikwenda harusini kwa binti wa Asmahani. Masinia yalipotengwa Shangazi alikaa kwenye lake kama kawaida, akangojea wenzake waje wale. Hakuja mtu. Wanawake wakabanana kwenye masinia mengine, bega kwa bega, na yeye amekaa na pilau ya watu watano. Mimi nikaenda nikakaa naye. Alinong'ona, "Kula, mwanangu, usiangalie pembeni." Nilikula sikujua ninakula nini.

Maneno ya mganga huyo mimi niliyasoma mwezi wa Machi. Sijamwambia mtu, hata Shangazi. Niambie kwamba Tanga wapo watu wawili wenye maneno hayo. Ukiniambia, nitaamini.

Saleha


Mabawa, Tanga
4 Julai 1955

Saleha mke wangu,

Hawapo wawili.

Miraji alikuja mchana na vumbi la mbata nguoni, sikuwa namjua, wala yeye mimi. Laiti angesema ametumwa na Hashil bin Thuwaini wa Mwera, ningemfukuza nikacheka. Alisema Shamsiya wa Muzna. Nikaona ni jina zuri tu la mtu wa mbali. La tumbo nilibahatisha, kwa sababu mwanamke kijana akipelekwa kwenye ramli mara nyingi ni tumbo. Yaliyobaki ulimi uliyasema wenyewe, umeyazoea. Nimekaa jirani na nyumba ile tangu kuzaliwa na jina la mke wa mtu sikupata kulisikia, kwani nani angelitaja mbele yangu?

Najua hayo si ya kujitetea. Nimekuwa nikiwaza Shangazi na lile sinia, na nikiwaza hivyo sishoni. Kisha nawaza wale wengine niliowaambia maneno hayo, na majirani zao wa upande wa kibla, hapo naona afadhali nisiwaze.

Ningekuja kesho. Lakini hapa nikimwambia mmoja nilidanganya, nimewaambia wote. Watu wanaoniinukia leo watanitemea mate. Nipe siku kidogo, nimeona njia. Chama chetu kimealikwa kucheza Pangani Idi Kubwa. Bwana Hashil haachi kwenda, na huwekwa mbele. Miraji atakuwepo, na watu wa Mwera watakuwepo. Hapo mbele ya wote nitaugeuza mwisho wa mchezo. Badala ya kunyamaza, mganga atasema kweli. Itasikika mara moja kwa watu wote, bila kupita baraza moja moja.

Usimwambie Shangazi bado. Nataka ayasikie maneno hayo pamoja na kufutwa kwake.

Uweso


Mwera, Pangani
11 Julai 1955

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako nikakasirika, kisha nikashukuru kwamba angalau hukunidanganya mimi.

Usiyasemee jukwaani. Nakuomba kwa haki ya mtoto huyu. Jukwaani watu wameshakubaliana tangu mwanzo kwamba kila kitu si kweli, na kweli yako wataipokea hivyo hivyo. Panda lori Ijumaa. Vaa kanzu yako ile ya kila siku. Watu wakitoka msikitini nenda barazani kwa Bwana Hashil, mwamkie, umwambie: mimi ni fundi, Miraji alikuja kwangu, nilimwambia uongo, na mwanamke niliyemtaja hayupo. Watakucheka. Huenda Miraji akataka kukupiga. Acha wakucheke, acha akupige, jioni utakula wali nyumbani kwako na jambo litakuwa limekwisha.

Unaogopa watu wa Tanga wasikuinukie. Hapa yupo mtu mzima anayeteka maji adhuhuri, jua la utosi, ili asiwakute wenzake kisimani. Juzi aliitwa mkunga wa Pangani kwa mtoto wa Semeni. Walipita mlangoni kwetu naye. Shangazi alikuwa ameshavaa kanga zake za kazi, maana alisikia tangu alfajiri kwamba uchungu umeanza. Akazivua akazikunja.

Ijumaa ziko kabla ya Idi. Moja tu inatosha. Nitakuwa nikitazama njia.

Saleha


Pangani mjini
2 Agosti 1955

Saleha,

Najua ulitazama njia. Kila Alhamisi nilifunga mzigo, na kila Ijumaa nikaufungua, nikijiambia Idi ni karibu. Sasa niko Pangani, mwendo wa asubuhi moja tu mpaka mlangoni kwako, na siji. Nakuandikia nikiwa nimekaa chini ya gari la chama, watu wanapakia vyombo.

Tulicheza jana baada ya Alasiri. Bwana Hashil alikuwa mstari wa mbele, Miraji nyuma yake. Nilicheza vizuri, Mungu anisamehe, sijapata kucheza vizuri kama jana. Ulipofika mwisho, mwanamke anafukuzwa na mimi natakiwa kunyamaza, nikainuka. Nikasema, "Ramli hii ni uongo. Mwanamke huyu hana kosa. Mimi ni fundi wa nguo, naitwa Uweso bin Mselem, na maneno niliyompa Miraji wa Pangani ni maneno ya mchezo."

Wakapiga makofi. Wallahi, Saleha, walipiga makofi. Waliona tumeutia mji wao ndani ya mchezo ili kuwafurahisha. Aliyecheza mwanamke alidhani nimesahau maneno, akaninong'oneza yanayofuata. Nikavua joho nikalitupa, nikasema tena. Wakazidi kupiga makofi. Nilipofungua mdomo mara ya tatu kilio kikanikaba, sauti haikutoka, nikawa nachezesha midomo tu. Hapo uwanja ukanyamaza. Miraji akasimama akasema, "Mmeona? Yule mchawi keshamfunga ulimi mchana kweupe." Bwana Hashil akainuka akatoka. Hakunitazama.

Watu wa Mwera walinijua, nami niliwajua, na hakuna aliyenisogelea.

Mwalimu Rafaeli alinisaidia kukunja mapazia. Alikuwa hajui habari hiyo mpaka nilipomweleza usiku. Akaniambia, "Ulikuwa na baraza ukachagua jukwaa." Nilitaka kumjibu kwamba nilitaka watu wengi wasikie. Lakini kweli yake ni kwamba nilitaka kusema ukweli nikiwa bado nimevaa joho.

Nisamehe kama unaweza.

Uweso


Mwera, Pangani
20 Agosti 1955

Uweso,

Makofi ya Pangani yalifika hapa kabla ya barua yako.

Nikueleze wanavyosema, ili ujue uliposimama. Wanasema mganga wa Mabawa ni wewe, na kwamba ramli ilipomtaja shangazi yako mwenyewe hukumficha, na hiyo ndiyo alama ya mganga wa kweli. Wanasema huruma ikakushika ukataka kurudisha maneno. Na wanasema uliposhindwa kusema, ni yeye aliyekushika koo kutoka huku. Ukisema ni kweli, ni mchawi. Ukisema ni uongo, amekulazimisha. Ukinyamaza, amekufunga. Sioni tundu la kumtolea.

Bwana Hashil hakumfukuza kwenye minazi. Alituma mtu kusema kwamba Bi Kijakazi akae mpaka mwisho wa umri wake, kwa sababu mama yake Bi Kijakazi alizaliwa nyumbani kwao. Laiti angemfukuza, nikawa na wa kumlaumu.

Shangazi aliambiwa na wanawake waliorudi kutoka Pangani. Alikuwa anakuna nazi. Walisimama mbali, nje ya ua, wakamwambia kwamba mganga ni Uweso. Aliendelea kukuna mpaka mbuzi ikawa inakwaruza kifuu kitupu. Kisha akaniuliza mimi, "Uweso mwenyewe?" Nikamwambia ndiye, lakini alisema uongo, Shangazi, yalikuwa maneno ya mchezo. Akaniambia, "Haya." Akachukua nazi nyingine.

Usije. Najua sasa ungekuja, na najua safari hii ungekuja na kanzu yako ya kawaida. Umechelewa. Ukija ukikohoa tu, watasema ni yeye. Mwandikie barua, yeye si mimi, uandike bila kujipamba. Nitamsomea kama ilivyo.

Saleha


Mabawa, Tanga
5 Septemba 1955

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ni mimi Uweso. Anayekusomea ni Saleha, naye nimemwomba asiongeze wala asipunguze.

Shangazi, mimi si mganga. Sijui ramli. Mistari ninayochora naichora ovyo ovyo, kila siku tofauti, na hakuna aliyewahi kugundua. Yale maneno hayakutoka kwenye ramli, yalitungwa na mwalimu wa shule akiwa amekaa kitini anakunywa chai. Nimewaambia watu maneno hayo hayo, wote hayo hayo, kwa sababu nilipenda kuamkiwa. Miraji alipokuja sikumjua aliyemtuma wala mgonjwa wake. Sikuona kitu. Hapakuwa na kitu cha kuona.

Wewe ndiye uliyenilea. Uji uliompelekea mke wa Bwana Hashil ni uji. Ulivyotabasamu ni ulivyotabasamu siku zote kwa kila mgonjwa, na mimi nimeugua mikononi mwako nikauona uso huo, tena si mara moja.

Joho nimelichana, nimelifanya matambara ya kufutia mashine. Wanaokuja nawaambia nimedanganya. Wengine wananitukana, na wengine wananibembeleza nisiwanyime. Uenyekiti nimeuacha. Hayo si ya kukupoza wewe, najua hayakusaidii. Nakuomba neno moja tu: ujue wewe, hata kama Mwera nzima haitajua, kwamba hukufanya lolote.

Na nakuomba umpokee mwanangu kwa mikono yako, kama ulivyoahidi.

Mtoto wako,
Uweso


Mwera, Pangani
18 Desemba 1955

Mume wangu Uweso,

Habari ya mtoto najua uliipata kwa mdomo wa dereva wa lori kabla ya kuipata kwangu. Ni wa kiume, mzima, ana paji lako. Nimekawia kuandika. Kwanza nilikuwa katika uzazi, na arobaini imetoka juzi tu. Kisha sikujua nianzie wapi, na leo pia sijui.

Barua yako nilimsomea Shangazi tangu ilipofika. Nilimsomea mara mbili, akaniomba nirudie pale uliposema hukuona kitu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alilia kidogo, nami nikamshukuru Mungu, nikasema limekwisha. Kisha akajifuta, akaniambia, "Mtoto mwema huyu. Anajitia uongo ili mimi nipate usingizi."

Nikamwambia, siyo, Shangazi, ndiyo kweli yenyewe. Akanitikisia kichwa kama unavyomtikisia mtoto. "Uweso nimemlea mimi. Akivunja chungu alikuja kuniambia kabla sijauliza. Hajanidanganya hata siku moja. Wangesema hao wa Pangani, nisingejali. Lakini kama ni Uweso aliyeona, basi kipo. Mtu hawezi kujitazama mgongo. Huenda ninacho tangu kuzaliwa, na nilikuwa nikiwapa watu pamoja na uji, sijijui."

Nilibishana naye siku nyingi. Kisha ikajulikana kwamba mke wa Bwana Hashil ana mimba, na safari hii imeshika, na miezi inakwenda. Shangazi alipoisikia habari hiyo alifurahi, Uweso, furaha ya kweli, akapiga kigelegele peke yake uani. Kisha akakaa chini. Akaniambia, "Unaona? Tangu nimekaa mbali naye." Mimi mwenyewe, nisamehe, siku hiyo usiku nilijikuta nawaza, na nilijichukia kwa kuwaza.

Uchungu uliponishika alikwenda yeye mwenyewe kwa miguu, jua kali, kumwita mkunga wa Pangani. Nilimlilia asiende, nikamwambia simtaki mwingine, niko tayari kufa mikononi mwake kuliko kupona kwa mgeni. Akanijibu kutoka mlangoni, "Ndiyo maana siingii." Alikaa nje mpaka mtoto alipolia. Amehamia kibanda cha jikoni. Chakula changu hapiki, chombo chake anaosha mbali. Nguo za mtoto hazigusi, hata zikianguka kutoka kwenye kamba huniita niziokote.

Jana mtoto alishikwa na tumbo, akalia mpaka akawa mwekundu, nami sijui mambo ya watoto. Shangazi alikuja akasimama nje ya dirisha, mgongo ameupa ukuta ili asimtazame. Akaniambia, mlaze kifudifudi pajani. Mpapase kushuka chini, usipandishe. Polepole. Umeshika kwa kiganja au kwa vidole? Tumia kiganja. Nikafanya, mtoto akanyamaza, akalala. Nikamwambia Shangazi, amelala, njoo umwone. Nikasikia nyayo zake zinakwenda jikoni.

Sasa unaweza kuja: habari ya Tanga, kwamba unawaambia watu ulidanganya, imefika hapa na wameiamini, hakuna tena atakayeuliza kitu. Njoo umwone mwanao. Lakini huko njiani ufikiri utamwambia nini Shangazi, kwa maana mimi nimeshafikiri nimeshindwa. Watu wote wamekwisha kuamini kwamba unaweza kudanganya, Uweso. Amebaki yeye tu asiyeamini.

Mkeo,
Saleha